Siku Arobaini na Moja

Kama hujawahi kumwona Mzee Fomu akimkaripia mtu mzima aliyeandika jina la mama yake kwenye nafasi ya jina la mke, basi bado hujaona mtu akikaripiwa. Meza yake ilikuwa kwenye baraza la jengo la zamani la posta, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi za viza, na kwa miaka ishirini na miwili watu wa kila namna walipita kwanza kwake ndipo wakavuka. Juu ya meza palikuwa na kompyuta ya mkononi iliyofutika herufi, printa iliyofunikwa kitambaa, gundi, mkasi, na kalamu tatu za wino mweusi. Mteja akichomoa kalamu ya bluu, Mzee Fomu humnyang'anya.

"Nyeusi!" husema. "Unataka kusafiri au unataka kuchora maua?"

Watu walimcheka, na walimpenda. Mpole hakuwa, lakini kazi aliijua. Alijua picha ipi itarudishwa kwa sababu ya kivuli nyuma ya sikio, na barua ipi ya mwaliko imeandikwa na mtu asiyemjua hata anayemwalika. Mtu akianza kumpa hadithi ndefu, humkatiza palepale. "Mwanangu, kule dirishani hawataki hadithi. Wanataka tarehe." Majigambo nayo hayakumpungukia, tusifichane. Alipenda kusema kwamba sheria za viza analala nazo na kuamka nazo. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda popote. Pasi yake ya kusafiria aliichukua zamani ili tu awaonyeshe wateja ukurasa gani ni upi, na kurasa zote zilikuwa nyeupe.

Mkewe, Mama Fomu kwa watu wa mtaa, alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Alizoea kuzungumza akiwa na pini midomoni, kwa hiyo maneno yake yalikuwa machache na yalitoka upande mmoja wa mdomo. Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti. Alikwenda ng'ambo kusomea kazi ya maabara, akapata kazi hukohuko, akaolewa hukohuko. Alipopata mimba, akapiga simu na kusema anamtaka mama. Si baba, mama. Jambo la kawaida, nani angelishangaa?

Mzee Fomu alijaza fomu za mkewe kana kwamba anaandika cheti cha ndoa. Viza ikatoka bila hata swali la pili, siku tisini. Akaizungusha baraza zima kuwaonyesha wenzake, mpiga picha, muuza bahasha, mpaka mlinzi wa jengo. Mama Fomu akafunga cherehani zake, akaenda.

Mambo yalikwenda kombo siku ya sabini. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, kilo moja na nusu, akawekwa kwenye mashine ya joto, na mama yake naye akawa hajiwezi. Mkwe wao alifanya kazi za zamu kwenye reli, akitoka asubuhi anarudi jioni amechoka kama gunia. Mama Fomu ndiye aliyekuwa mikono na miguu ya nyumba ile. Zilipobaki siku nane, akapiga simu.

"Mzee wangu, siku zangu zinaisha Alhamisi ijayo. Nirudi?"

"Urudi uende wapi, na mjukuu yuko kwenye mashine? Ombeni kuongezewa muda."

"Na wasipojibu mpaka Alhamisi?"

"Unakaa. Ukiomba kabla siku hazijaisha, unakaa kwa raha zako mpaka wakujibu. Ndiyo sheria."

"Una hakika?"

"Mama! Unaniuliza mimi?"

Hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Sheria hiyo ilikuwepo kweli, lakini ilikuwa ya nchi nyingine. Wateja wake wengi walikwenda nchi moja, na sheria za huko Mzee Fomu alizijua kama kiganja chake. Binti yake aliishi nchi iliyopakana na hiyo. Fomu zilifanana, rangi ilifanana, hata madirisha yalikuwa kwenye ghorofa moja. Mzee Fomu hakuwahi hata kuwaza kwamba sheria zenyewe hazifanani. Kitabu kidogo cha masharti cha nchi ile ya pili alikuwa nacho miaka yote. Kilikuwa kimekunjwa chini ya mguu wa meza yake, ili meza isichezecheze.

Mama Fomu akaomba, akakaa. Mtoto alitolewa kwenye mashine, akaanza kunyonya, akapata mashavu. Majibu hayakuja. Siku ya mia moja thelathini na moja, alipoona binti yake anaweza kupanda ngazi na mtoto mkononi bila kushika ukuta, akaaga na kwenda uwanja wa ndege. Afisa akafungua pasi, akaangalia tarehe, akamwita mwenzake. Wakamweka kwenye chumba kidogo chenye viti viwili, wakamwuliza maswali kupitia mkalimani wa simu. Kuomba, walimwambia, hakumpi mtu ruhusa ya kukaa. Amezidisha siku arobaini na moja. Wakampa karatasi na muhuri, haruhusiwi kukanyaga nchi ile kwa miaka mitano.

Alipofika nyumbani aliweka karatasi ile mezani, akaenda kuoga. Mzee Fomu akaisoma. Halafu akatoka nyumbani mchana ule wa jua kali, akaenda mpaka barazani, akainua meza na kukivuta kile kitabu. Ilikuwa ukurasa wa kumi na moja. Alikisoma kifungu mara tatu, miwani mkononi, miwani usoni, miwani mkononi tena, na kifungu hakikubadilika. Mpiga picha alimkuta amekaa chini sakafuni, akadhani ameanguka.

"Kosa ni langu," alimwambia mkewe aliporudi.

Mama Fomu alikuwa anatundika magauni yake. "Najua."

"Nitampigia mtoto nimwambie."

"Umwambie nini? Ana kichanga, halali, analia kila siku. Halafu hapa mtaani, wakisikia Mzee Fomu amemponza mkewe mwenyewe, nani atakaa kwenye kiti chako kesho?" Akachukua gauni jingine. "Acha. Nitasema nilipitiwa na tarehe."

Na akasema hivyo. Aliwaambia majirani, akamwambia mkwe, akamwambia binti. Nilipitiwa, uzee huu, si mnajua. Na Mzee Fomu, jamani, mtu mwenye midomo yote ile, akanyamaza akakubali. Mimi hapa huwa hasira zinanipanda hata leo. Angekuwa amenyamaza tu, ningesema basi, aibu ni kitu kizito. Lakini baada ya miezi alianza kuitumia hadithi ile kazini. "Hesabuni siku zenu!" aliwaambia wateja. "Msiwe kama mama mmoja ninayemjua, alikwenda kulea mjukuu akasahau kuhesabu, sasa anamwona mjukuu kwenye simu." Watu walicheka, wakahesabu siku zao.

Siku moja aliisimulia hivyo huku yeye mwenyewe ameipa njia mgongo. Mama Fomu alikuwa amesimama nyuma yake na chakula cha mchana kwenye bakuli la mfuniko. Akaliweka mezani taratibu, akaweka na kijiko juu yake, akaondoka. Mzee Fomu akasubiri agombezwe, siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima, na hakugombezwa. Hadithi ile hakuisimulia tena.

Ikapita miaka mitatu ya ile mitano. Mjukuu akaanza kutembea, akaanza kusema, akamjua bibi yake kama uso ulio kwenye kioo cha simu. Binti naye alizoea kumnunia mama yake kidogokidogo. Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka tu. Mtoto akiugua utamsikia, "Mama, ungekuwa hapa." Na Mama Fomu hujibu, "Ni kweli mwanangu, nilifanya uzembe."

Kisha mkwe akapiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Binti alikuwa na uvimbe kichwani, nyuma ya sikio la kushoto. Kizunguzungu kilichomsumbua kwa miezi, akadhani ni uchovu, hakikuwa uchovu. Madaktari wamepanga kumpasua baada ya wiki sita. Anaweza kuamka salama, anaweza kuamka hasikii, anaweza kuamka hasemi. Kuhusu jambo la nne, mkwe alikohoa tu. Halafu akampa binti simu.

"Mama," binti alisema, "kabla hawajanifungua kichwa nataka nikuone. Sitaki kingine."

Mama Fomu alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. "Nakuja," akasema.

Basi Mzee Fomu akakaa kuandika barua ya rufaa. Aliiandika siku nne. Maelfu ya barua alikuwa amewaandikia watu, na zote zilikuwa na ufundi, hapa unatia huruma, hapa unaweka tarehe. Hii haikuwa na ufundi. Alieleza kwamba mkewe alitaka kurudi kwa wakati na yeye ndiye aliyemzuia, kwamba alichanganya sheria za nchi mbili, kwamba kama kuna adhabu wampe yeye hata miaka kumi. Akaambatanisha barua ya daktari. Akavuka barabara mwenyewe, akapanga foleni kama watu wengine.

Walipokuwa wakisubiri majibu, Mama Fomu alishona. Alimwambia mkwe amzungushie binti uzi kichwani, apime, amtajie. Akakata pamba laini, akashona kofia tatu za kuvaa baada ya kupasuliwa. Mishono yote aliigeuzia nje, kofia ikawa kama imevaliwa ndani nje, ili mshono usije ukasugua kidonda. Pale penye sikio la kushoto hakuweka mshono kabisa. Akatoa sanduku, akazipanga kofia chini, magauni juu.

"Tusubiri kwanza majibu," Mzee Fomu akamwambia.

"Nasubiri," akasema, na akaendelea kupanga.

Majibu yalikuja siku ya kumi na sita. Dada wa dirisha la nne alikuwa anamfahamu Mzee Fomu tangu alipoajiriwa, na walizoea kutaniana. Siku hiyo hakutania. Alisukuma bahasha chini ya kioo, akavua miwani.

"Mzee Fomu, pole. Wamesema hapana."

"Barua wameisoma?"

"Wameisoma. Hata mimi nimeisoma." Akashusha sauti. "Lakini pasi ni ya mama, mzee wangu. Aliyekutwa na siku zimezidi ni yeye. Hayo unayajua kuliko mimi."

Alikuwa anayajua. Maneno hayohayo alishawaambia watu mia, tena kwa ukali. Akasimama pale akiwa amekishika kizingiti cha dirisha, foleni ikaanza kunung'unika nyuma yake, na akagundua hana pa kwenda kuomba ushauri. Watu wote walioshindwa na dirisha lile hupelekwa kwake.

Nyumbani alifika akiwa na bahasha mkononi, hakuhitaji kuifungua. Mama Fomu alitazama ile bahasha, akatazama sanduku. Akakaa juu ya kitanda. Hakulia kwa sauti, alikuwa anavuta pumzi tu kama mtu aliyepanda mlima, na Mzee Fomu alisimama mlangoni asijue mikono yake aiweke wapi. Mwishowe mkewe akasema, "Basi nenda wewe."

"Anakutaka wewe."

"Najua anamtaka nani. Aamke asikute mtu wa kwao? Nenda wewe."

Hivyo ndivyo Mzee Fomu alivyojaza fomu ya kwanza yenye jina lake. Akaharibu karatasi mbili kama mteja mshamba. Ukurasa wa tano ulikuwa na swali ambalo kwa wateja alilipita haraka: je, kuna mtu wa familia yako aliyewahi kukaa zaidi ya muda aliopewa? Alilitazama. Wako wateja waliowahi kumsihi awaandikie hapana, akawafukuza. Akatia alama kwenye ndiyo. Kwenye nafasi ya maelezo, inayotosha mistari sita, akaandika maneno matano: Mke wangu, kwa ushauri wangu. Wakampa siku thelathini.

Siku mbili kabla ya safari, saa kumi za jioni, walikaa chumba cha mbele wakapiga simu, imewekwa mezani kati ya vitambaa vya bluu vya sare. Binti sauti yake ilikuwa nzito kwa dawa. Akauliza ndege itafika saa ngapi. Akamwambia baba yake abebe koti. Halafu akasema, "Baba, nafurahi unakuja. Kweli. Ila mama naye... Kuangalia tarehe tu. Kitu kidogo vile. Sasa napasuliwa bila mama yangu kwa sababu ya kuangalia tarehe."

Mama Fomu akafungua mdomo aseme yale maneno yake, kwamba ni uzembe, kwamba amsamehe. Mzee Fomu akamtangulia.

"Si mama yako," akasema. "Ni mimi. Yeye alihesabu siku zote, akaniuliza arudi au asirudi. Mimi ndiye niliyemwambia akae. Nilikosea sheria, halafu nikamwacha aibebe."

"Miaka mitatu," binti akasema. "Miaka mitatu nimemnunia mama."

"Ndiyo."

"Nimemwambia maneno..."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mpe mama simu."

Mama Fomu akaiondoa simu kwenye sauti ya wote, akaiweka sikioni, akageukia dirisha. Upande wa pili ulisikika ukilia. Yeye hakugusia habari ile hata kidogo. "Nimekushonea kofia tatu," alisema. "Usishangae mishono iko nje, nimefanya makusudi. Ile ya kijivu ndiyo laini zaidi, vaa hiyo kwanza. Ndiyo. Ndiyo, mama. Sina kinyongo, nina kinyongo cha nini? Nyamaza sasa, utaumwa na kichwa." Akaendelea hivyo mpaka kilio kikaisha.

Alipokata simu, Mzee Fomu alikuwa anajifuta macho. Ukweli ni kwamba alijisikia mwepesi, mara ya kwanza kwa miaka. Mkewe akamtazama.

"Umejitua mzigo," akasema.

"Ilibidi ajue."

"Ilibidi ajue miaka mitatu iliyopita, au hata siku ile nilipokuja na bakuli. Leo mtoto yuko kitandani, wiki ijayo kichwa kinafunguliwa, wewe ndiyo unaona wakati umefika? Sasa ataingia kwenye kisu anawaza aliniambia nini." Hakuwa amepandisha sauti. "Umepumua wewe, mzee wangu. Yeye umempa kazi nyingine."

Mzee Fomu alikusanya vitambaa vya bluu vilivyoanguka sakafuni, akavikunja vibaya, na mkewe akavichukua na kuvikunja upya.

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa watu na mikokoteni. Mama Fomu alikuwa amevaa gauni alilokusudia kusafiria mwenyewe. Lile sanduku lilikuwa lilelile, magauni yametolewa, mashati yamewekwa, kofia ziko palepale chini. Alimweleza mara ya mwisho namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumvuta bega, na namna ya kumbembeleza mjukuu, ambaye hapendi kushikwa mkono akiwa amekasirika. Yote haya aliyajua kwa kutazama simu.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete pasi."

Akaifungua kwenye viza, akapitisha kidole chini ya tarehe kama anavyofanya kwenye futi yake ya kushonea.

"Siku thelathini."

"Thelathini," Mzee Fomu akasema.

"Siku ya ishirini na nane uwe kwenye ndege. Hata kama hajaamka."

"Mama..."

"Hata kama hajaamka. Wakikufungia na wewe, atabaki na nani wa kwenda kumwona?" Akamrudishia pasi, akaisukuma mwenyewe kwenye mfuko wa ndani wa koti na kuufunga kifungo. "Na usimwulize mtu yeyote kama unaweza kuongeza."

Mzee Fomu akaitikia kwa kichwa. Akavuta sanduku mpaka kwenye mlango wa vioo, akaonyesha tiketi, akaingia. Aligeuka ampungie mkewe mkono. Mama Fomu hakumwona. Alikuwa amesimama palepale katikati ya watu, macho chini, akikunja vidole vyake kimoja baada ya kingine, anahesabu siku.